Upatanisho

Siku ya tatu daktari alibadilisha ngeli.
Juzi alisema, "Anaitikia dawa."
Leo: "Mwili unaitikia dawa."
Mimi nafundisha Kiswahili darasa la sita, Chamwino,
kosa la upatanisho nalisikia hata usingizini.
Nikainua mkono nimsahihishe,
nikaushusha.
Hakukosea.

Sechelela alidondoka jikoni akisonga ugali wa uwele.
Mshipa ulipasuka kichwani, mimba ikiwa ya wiki kumi na tisa.
Ubongo umekufa wote. Wamepima mara mbili, madaktari wawili.
Na bado kifua kinapanda, kinashuka,
ngozi ina joto, kucha zinakua:
nimezikata mimi, Jumapili,
kwa wembe ule ninaochongea penseli za watoto.
Muuguzi akija humwambia, "Samahani mama, nakugeuza,"
kisha huandika saa, na mililita za mkojo,
chini ya maneno yaliyochapwa: JINA LA MGONJWA.
Hakuna aliyelikata neno lile. Hakuna aliyelitetea.

Tukaitwa kikao. Feni mbovu, vumbi la Agosti hadi ndani ya mafaili.
Chilewa, mumewe, hakusema kitu,
alizungusha funguo za pikipiki kidoleni.
Baba yake, mkulima wa zabibu Hombolo, ndiye aliyesimama:
"Mzabibu ukishapogolewa, mgeni husema umekufa.
Sisi tunaumwagilia. Tunangoja."
Mama akamjibu amekaa, bila kumtazama:
"Mwanangu ulimpogoa lini?
Mzabibu hukatwa matawi. Huyu kakatika mzizi.
Nipeni nikazike Mvumi, na kilicho chake kiende naye."
"Kilicho chake ni mjukuu wangu."
"Kwani wangu ni nini?"

Mwanasheria wa hospitali, kijana, tai imembana,
alipekua jalada mbele nyuma, mbele nyuma.
"Kuna kifungu cha mtoto," akasema. "Kuna kifungu cha maiti.
Cha wawili hawa, kitanda kimoja, sikioni."
Dirishani, ng'ambo ya mji, lilionekana paa la Bunge.
Pale wanajua kuuliza swali la nyongeza.
Langu ni moja, Mheshimiwa:
mwenyewe alitaka nini?

Maana alinipigia Juni, tumbo halijaonekana,
anacheka, ameshanunua kanga mbili za kumpokelea.
Na simu hiyohiyo, akimsimulia jirani aliyelazwa na mipira puani,
"Mimi msije mkanifanyia hivyo, Mwalimu."
Sauti moja. Dakika kumi na moja.
Nisaini upande gani?

Kiswahili husema mwanamke anajifungua.
Mwenyewe, kama mlango unaofunguliwa kutoka ndani.
Huyu hatajifungua. Atafunguliwa.
Silabi moja imetoka, nyingine imeingia,
na ufunguo umehamia mkononi mwa mtu mwingine.

Sasa ni wiki ya ishirini na nne. Hakuna aliyeamua;
siku ndizo zimeamua, kwa kupita.
Kwenye picha ya kipimo mtoto amegeuka,
amewapa mgongo wote waliokuwa wanamtazama.
Mama alikataa kuiona. Kisha akaiomba.
Kisha akairudisha ikiwa na alama ya kidole chenye mafuta.

Jana tulikuwa kwenye ngeli. Mbeleje, yule asiyenyamaza, aliuliza:
"Mwalimu, maiti ni huyu au ni hii?"
Nikasema vitabu havikubaliani.
"Na wewe unasemaje?"
Kengele ilikuwa bado.
Nikafuta ubao, nikaandika zoezi la sentensi moja:
Dada yangu ___nangoja.

Usiku, kando ya kitanda, nasahihisha madaftari.
Watoto arobaini na mmoja wamejaza A, bila kufikiri,
nami nimewatia vema, vema, vema,
kalamu nyekundu ikifuata mwendo wa mashine.
Mbeleje ameacha nafasi wazi.
Sijui nimpe nini.